Mtoto Aliyetakiwa Kuomba Msamaha kwa Mdomo

Jumanne ya pili ya Januari mwaka huu tulimpoteza Mwende. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa muda mrefu, na asubuhi hiyo mumewe alinipigia simu kutoka hospitalini akasema tu, "Mwalimu, ametuacha." Alikuwa na miaka arobaini. Ameacha mume, binti mmoja, na kibanda cha nguo za watoto huko mtaa wa Baba Dogo. Alikufa akiwa hajamaliza darasa la sita, na mimi nilikuwepo shuleni wiki aliyofungiwa mlango.

Nimestaafu ualimu. Vijana wanaosomea kazi hii huniuliza tulivyofundisha zamani, na naona kwenye nyuso zao wanangoja niwaambie kwamba watoto walikuwa na adabu na walimu walikuwa walimu. Nitawaambia nilichokiona.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini, katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli. Nilikuwa mwalimu wa ngazi ya P3, ngazi ya chini kabisa kwa mtu aliyepitia chuo cha ualimu. Masomo yangu yalikomea kidato cha pili. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu, vilivyonibana, na kufikia saa nne nikawa nasimamia visigino. Mwalimu Mkuu, mzee mrefu aliyetembea mikono nyuma, alinikabidhi boksi la chaki, kifutio na kiboko, kisha akanisindikiza hadi mlango wa darasa la kwanza.

"Madam, mimi sizunguki madarasani," akasema. "Nakaa ofisini nasikiliza. Darasa likinyamaza, najua mwalimu amelala. Nataka nisikie sauti."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa kazini, na haikuwa katika kitabu chochote cha chuo. Mtoto aliyepaza sauti alikuwa anajifunza. Aliyenyamaza alikuwa mjinga au mkaidi. Kazi yetu yote ilijengwa juu ya hilo. Tulikuwa na kusoma kwa zamu, ambapo kitabu kimoja kilipitishwa kutoka dawati hadi dawati na kila mtoto akasimama kusoma mstari wake. Tulikuwa na hesabu za mdomo kila asubuhi. Darasa zima lilisimama, mwalimu akarusha swali, na aliyejibu haraka aliketi. Waliobaki wamesimama mwisho walichapwa. Tuliandika azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na andalio la somo la kila siku, tukayapamba kwa rula na wino mwekundu. Lakini Mkaguzi wa Shule alipofika, hakuyatazama sana. Alisimama nyuma ya darasa akamnyooshea mtoto kidole: "Wewe, simama usome." Mtoto akisoma, mwalimu alikuwa mzuri. Akinyamaza, wote wawili walikuwa wabaya.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Baba Dogo, katika shule iliyopakana na viwanda. Harufu ya plastiki iliyoyeyushwa iliingia madarasani, na king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuambia saa ya chakula cha mchana. Huko ndiko nilikomkuta Mwende, katika darasa la pili. Baba yake aliendesha lori la kiwanda kimoja, na walikuwa watu wa Kitui kama mimi. Wiki ya kwanza mama yake alinifuata langoni.

"Mwalimu, huyu wangu maneno humkwama," akasema. "Mama mkwe anasema nilimtekenya sana alipokuwa mchanga. Sikumtekenya kupita kiasi. Nani asiyemtekenya mtoto wake?"

Nilimwambia si kosa lake. Ukweli ni kwamba sikujua. Chuoni hakuna aliyewahi kutufundisha lolote kuhusu kigugumizi. Nilimwambia hivyo kwa sababu alikuwa analia.

Watoto walikuwa wameshambatiza jina. "Kaseti imejam! Igonge!" Na mmoja, Musa, alikuwa akimpiga kofi mgongoni ili kaseti iendelee. Mwende hakulia. Siku moja wakati wa mapumziko alichukua kijiti akaandika mchangani kwa herufi kubwa, mbele ya wote, MUSA ANAKOJOA KITANDANI. Watoto walicheka mpaka mwalimu wa zamu akatoka nje kuona kuna nini. Kuanzia siku hiyo Musa aliuacha mgongo wake.

Basi alijua kuandika. Hilo lilinishangaza, kwa kuwa katika hesabu za mdomo alikuwa wa mwisho kila siku. Ukimwuliza saba ongeza tano, alisema nane. Sita ongeza nne, nane. Nilianza kuamini kwamba hana kichwa cha hesabu. Kisha nikawapa maswali yale yale kwenye karatasi, na Mwende akapata yote. Nilimwita mezani pangu.

"Saba na tano ni ngapi?"

"Nane."

"Hapa umeandika kumi na mbili. Mbona unaniambia nane?"

Alitazama chini. Halafu akachukua chaki yangu akaandika juu ya meza: *Nane inatoka.*

Nilikaa nikayatazama maneno hayo. Neno kumi lilimkwama kooni. Tatu na tano vilevile. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane, akijua jibu, alichagua jibu la uongo linaloweza kutamkwa, akachapwa kwa ujinga ambao hakuwa nao. Na alikuwa amefanya hivyo tangu darasa la kwanza, kila asubuhi, mbele ya mwalimu mwenye cheti.

Nilibadilisha hesabu zangu za asubuhi. Watoto wote waliandika jibu sakafuni kwa chaki, kisha nikapita nikiangalia. Naibu wa Mwalimu Mkuu hakupenda. "Madam, darasa lako limekuwa kama nyumba ya msiba," alisema. "Mwalimu Mkuu anauliza kama upo." Nilimjibu kwamba nipo, na kwamba wanaojua hesabu wameongezeka. Alisema hilo silo lililoulizwa.

Pamoja na kufundisha, nilipewa kazi ya mashairi ya kukariri kwa pamoja. Kazi hii ina ufundi wake. Watoto husimama nusu duara, wenye sauti nzito nyuma na wenye sauti nyembamba mbele, nao husema shairi zima kwa kinywa kimoja, wakipandisha na kushusha pamoja. Kazi ya mwalimu ni kuwafanya wavute pumzi mahali pamoja. Mwende alipofika darasa la sita nilimchukua kwenye kundi, maana nilikuwa nimegundua jambo: akisema pamoja na wenzake, hakukwama hata mara moja. Sikujua sababu. Miaka mingi baadaye nilimsikia mtaalamu akieleza kwamba watu wengi wenye kigugumizi wako hivyo, wakiimba au wakisema na wengine maneno hutoka. Mimi niliona tu uso wake. Alikuwa akitabasamu wakati wa mazoezi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Siku ya Wazazi alisimama mstari wa mbele. Shairi lilipigiwa makofi mpaka baba yake akasimama kwenye kiti. Sijutii kumweka pale. Nikiambiwa nirudie, nitamweka tena.

Kesho yake asubuhi, kwenye paredi, Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alimwita mbele. Alikuwa mtu wa suti ya kijivu, mwenye sifa ya matokeo mazuri, na hakupenda kuonekana amedanganywa.

"Jana nilikuona," akamwambia. "Ulikuwa unakariri kama redio. Na mwalimu wako wa darasa ananiambia huwezi kusoma hata mstari mmoja. Hebu kariri hapa, peke yako."

Mwende alifungua mdomo. Nilikuwa nimesimama na watoto wangu wa darasa la tatu, na niliona shingo yake ikikakamaa. Hakuna kilichotoka. Nyuma mtu akasema, "Kaseti!" na shule nzima ikacheka.

"Mnaona?" akasema Mwalimu Mkuu. "Mbele ya wageni anaweza. Mbele yangu hawezi. Hiki ni kiburi." Alimchapa viboko mikononi. Halafu akasema, "Sasa omba msamaha. Sema, 'Nisamehe, Mwalimu Mkuu, kwa kukudharau.' Ukisema utaingia darasani. Usiposema utasimama hapo."

Nilingoja kengele ilie, nikamfuata ofisini.

"Mwalimu Mkuu, yule mtoto ana kigugumizi. Akiwa na wenzake maneno hutoka. Akiwa peke yake hayatoki. Si kiburi."

"Madam, wewe ni P3. Umekuwa daktari lini?"

"Sisemi kama daktari. Nimemfundisha. Mwache aandike huo msamaha."

"Alinidharau kwa mdomo, ataomba kwa mdomo," akasema. "Mtoto mmoja akinishinda leo, kesho wote watakuja na sababu zao. Rudi darasani kwako."

Mwende alisimama chini ya mlingoti wa bendera siku hiyo nzima. Na siku iliyofuata. Kila paredi aliitwa mbele, akajaribu, akashindwa, akarudishwa mlingotini wakati wenzake wakiingia darasani. Niliwaona walimu wakipita karibu naye wakienda kunywa chai. Hawakuwa watu wabaya. Wengine walimpenda. Walimwambia, "Mwende, jikaze. Si useme tu? Ni neno moja." Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Walidhani anaona neno hilo limekaa mbele yake naye hataki kuliokota. Mtoto aliyekuwa akijikaza kwa kila neno tangu alipojua kusema, wanamwambia ajikaze.

Mama yake alikuja. Alipiga magoti mlangoni pa ofisi, akaomba msamaha kwa niaba ya binti yake, kwa Kiswahili na kwa Kikamba.

"Mama, simama," Mwalimu Mkuu akamwambia. "Ndivyo mnavyowaharibu. Asiyeweza kusema samahani shuleni, mnamlea awe nani?"

Jumatatu iliyofuata Mwende hakuja. Wala wiki ile nyingine. Nilikwenda kwao, nikamkuta akiwafulia majirani. Nilimwambia nitazungumza na wakubwa. Alitikisa kichwa, kisha akasema polepole, na nilimngoja, "Mwalimu, ni-nimechoka ku-kuangaliwa."

Nilipanda ofisini kwa Mkaguzi. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. "Yule Mwalimu Mkuu ana matokeo mazuri," akasema. "Tusimsumbue kwa ajili ya mtoto mmoja. Na usisahau, mtoto mwenyewe ndiye aliyeacha." Kwenye rekodi za shule iliandikwa hivyo hivyo: ameacha masomo. Kwamba msichana wa miaka kumi na miwili aliamka asubuhi moja akaona shule haimfai! Hakuacha. Mlango uliwekewa kufuli, kisha akaambiwa ufunguo ni kitu kimoja asichokuwa nacho.

Kabla ya muhula kwisha nilipata uhamisho. Nilipelekwa shule moja kando ya bonde la Mathare, madawati machache, watoto wengi kuliko nafasi. Waliodhani wameniadhibu walinifanyia wema. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mwanamke mnene asiyependa makuu. Nilipomweleza kwamba darasa langu huwa kimya asubuhi, alisema, "Fundisha unavyojua, Madam. Mradi wasome." Nilikaa hapo sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilikutana na watoto wengine wenye kigugumizi. Niliwaketisha mbele, nikakataza wenzao kuwamalizia maneno, nikapokea majibu yao kwa chaki. Wengine walifaulu, wengine hawakufaulu, kama watoto wote. Mtihani wa taifa wakati huo ulikuwa wa karatasi. Karatasi haimwulizi mtoto sauti yake ikoje. Mwende angefika mbele ya karatasi hiyo, tungejua alikuwa na kichwa gani. Hakuruhusiwa kufika.

Yeye alifanya kazi ya kufunga mifuko kiwandani, akaolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, kisha akafungua kibanda chake. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja nyumbani kwangu Buruburu. Alisoma gazeti langu lote, hata matangazo ya vifo, na vitabu nilivyokuwa navyo. Hatukusema mengi. Tulisoma sote wawili sebuleni, na chai ikapoa.

Aliwahi kujaribu tena. Kulikuwa na darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa moja, la kuwaandaa kwa mtihani wa darasa la nane. Nilimsindikiza hadi kituoni. Jumapili iliyofuata nikamwuliza imekuwaje.

"Mwalimu alisema kila mtu a-asimame ajitambulishe," akasema. "Ni-nikajitambulisha kwa mgongo."

Alicheka mwenyewe, nami nikacheka, kwa kuwa alilisema vizuri. Lakini hakurudi tena kule, na usiku sikulala kwa hasira. Mtu mzima, baada ya kazi ya siku nzima, anakwenda kutafuta elimu aliyonyimwa, na jambo la kwanza analoulizwa ni mdomo.

Nilimalizia kazi katika shule ya Buruburu, karibu na nyumbani. Mtaala ulikuwa umebadilika, kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku, na vijana walionipokea walikuwa na shahada. Nilifurahi. Kisha nikaona wanavyopima usomaji. Mtoto anapewa aya, mwalimu anafungua saa kwenye simu, mtoto anasoma kwa sauti, dakika ikiisha maneno yanahesabiwa. Anayekwama anaandikiwa kwamba yuko chini ya matarajio. Nilimwuliza mwalimu mmoja kijana kama mtoto huyo ameelewa alichokisoma. Akasema, kwa heshima kabisa, "Madam, hapa hatupimi kuelewa. Tunapima mtiririko." Nilimwomba amwulize mtoto maswali matatu kuhusu ile aya, ayajibu kwa kuandika. Alisema fomu haina nafasi ya hilo. Wiki chache baadaye nilistaafu. Nilipewa blanketi na saa ya ukutani, na Mwalimu Mkuu akasema nilikuwa mwalimu wa sauti ya chini.

Nawaambia ninyi mnaoingia kazini: sijawahi kuona kigugumizi kikimzuia mtoto kuelewa kitu. Nimewaona watu wazima, wenye vyeti na vyeo, wakimzuia. Yule Mwalimu Mkuu wa suti ya kijivu alifariki miaka michache iliyopita. Nilisikia alizikwa kwa sifa nyingi, kwamba alijenga nidhamu katika mitaa ya Eastlands. Sikwenda.

Ibada ya Mwende ilikuwa Ijumaa, kabla ya safari ya kwenda kumzika Kitui. Kanisa lilijaa wanawake wa soko na majirani wa ploti waliyopanga. Shemeji yake alisoma wasifu. Alipofika kwenye masomo alisema, "Marehemu hakubahatika kuendelea na shule," akapita haraka. Kisha binti, Mumbua, akaitwa kutoa shukrani kwa niaba ya familia. Ana miaka kumi na mitatu. Maneno humkwama kama yalivyomkwama mama yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba azungumze.

Alishika maikrofoni. "K-k-kwa niaba..." Likakwama hapo.

Msibani kwetu, anayezungumza akishindwa na kilio, mtu huanzisha pambio, watu hupiga makofi, na mfiwa hurudishwa kiti chake taratibu. Ni huruma, na nimeona ikiwasaidia wengi. Mama mmoja nyuma akaanzisha pambio. Kanisa likadaka. Msimamizi wa programu akanyoosha mkono kuchukua maikrofoni. "Pole, msichana, tumekuelewa. Mungu akutie nguvu." Mumbua hakuiachilia. Macho yake yalikuwa makavu.

Mimi si mtu wa kusimama makanisani. Nilisimama. Nilikwenda mbele nikainua mkono kama ninavyonyamazisha darasa.

"Nyamazeni kidogo," nikasema. "Huyu halii. Anazungumza."

Msimamizi aliniinamia sikioni. "Mwalimu, muda. Gari la Kitui linangoja."

"Lingoje."

Pambio likafifia, safu moja baada ya nyingine, mpaka akabaki yule mama wa nyuma peke yake, naye akanyamaza. Mumbua akavuta pumzi. Akaanza upya. Aliwashukuru wauguzi. Aliwashukuru majirani waliokesha nao. Kwenye neno kanisa alikaa muda mrefu, mtoto mmoja akacheka, na nikasikia akifinywa. Hakuna aliyemsaidia neno. Akalifikisha. Msimamizi alitazama saa yake, kisha akashusha mkono.

"Ma-mama," akasema Mumbua, "ha-hakuwahi ku-kunimalizia neno."

Alimrudishia msimamizi maikrofoni, akashuka, akaenda kuketi karibu na baba yake.